Severini na Tundu la Ajira

Severini alikuja Mpanda akiwa na mgongo na mikono miwili, hana kingine. Ndivyo alivyopenda kusimulia mwenyewe. Watu wa Ikola alikozaliwa huongeza kwamba alikuja pia na harufu ya dagaa, maana baba yake alianika dagaa ufukweni maisha yake yote, na mtoto akaondoka nyumbani kutafuta kazi isiyonuka. Akapata ya tumbaku. Hapo huwa wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Kazi hiyo ilikuwa kwenye godauni moja karibu na stesheni ya reli. Kila mwaka mvua zikishakatika wakulima walileta tumbaku iliyokwisha kukaushwa, ikapimwa, ikafungwa marobota, na marobota yakabebwa mgongoni hadi kwenye mabehewa. Msimu ukianza, watu walijaa getini kuomba kibarua. Mnyapara wa wakati ule, mzee mmoja mkimya, hakuuliza cheti cha shule wala barua ya mjumbe. Alishika kiganja. Alikigeuza, akabonyeza pale chini ya vidole penye sugu, kisha akasema pita au rudi. Siku alipokishika cha Severini aliguna, "Mh! Hiki si kiganja, hili ni gome la mninga." Severini akapita, akabeba marobota miaka mingi, na mzee alipostaafu akamwachia fimbo, kikombe cha bati, na kazi ya kushika viganja.

Aliiweza kazi hiyo, tusimnyime haki yake. Aliweza kukuambia huyu kashika jembe, huyu kashika kasia, huyu kashika kalamu na anatudanganya. Watu wakamwita Kiganja, naye akalipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo. Akaanza kuutunza mkono wake wa kulia utadhani ni mali ya kampuni. Hakubeba tena kitu kizito kuliko ile fimbo. Kila asubuhi alijipaka vaselini, akiusugua mkono taratibu huku chai ikipoa. "Mkono wenye sugu ni kiziwi," alimwambia mkewe Marsela. "Wangu lazima usikie." Marsela hakuwa na muda wa kumjibu. Alikuwa na mihogo ya kutwanga na maji ya kuteka, na miezi ya kulima alipanda lori kwenda Sibwesa kwenye shamba alilorithi kwa wazazi wake, akarudi mvua zikiisha, amekonda na amechoka, na magunia yake ya mahindi juu ya lori.

Lakini lipo jambo ambalo Severini hakulisimulia kamwe, kwa sababu hakuona kwamba ni jambo. Kabla ya kushika kiganja alisalimia. Akasalimia hivi na hivi, akasikiliza anavyojibiwa, na mtu akishajibu, Severini alikwisha kujua ametoka wapi, na kiganja kilikuwa cha kukamilisha tu. Msukuma alimrudisha. Alisema Msukuma ng'ombe wake akizaa anaacha robota katikati ya reli anakwenda kumtazama ndama. Mtu wa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, mwenye Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, alimrudisha pia. Alisema hao ni wapole mno, na yeye haamini mtu mpole. Mwislamu alimwambia Ijumaa hapa tunafanya kazi, hata kabla hajaulizwa. Wanawake hakuwasalimia kabisa. Wa Ikola, ajabu, viganja vyao vilikuwa vizuri kila mwaka.

"Mimi sibagui," alisema akiulizwa. "Nawajua watu tu."

Miongoni mwa aliowajua hivyo alikuwapo Ng'washi, mwanamke wa Kisukuma ambaye familia yake iliteremka na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga. Ng'ombe waliwafia kwa ugonjwa na mume akaenda kutafuta wengine, hakurudi. Ng'washi alikuja getini akasimama kwenye mstari wa wanaume. Severini akamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mama, hapa hakuna maziwa ya kukamua." Wakaangua kicheko. Ng'washi akanyosha mkono. "Shika kwanza," alisema. Severini akampita, akamshika aliye nyuma yake.

Alikuwapo na Abednego, ambaye mkono wake wa kushoto ulikatwa na msumeno kwenye mashine ya mbao. Huyu alikuja kila mwaka bila kukosa, akanyosha wa kulia. Na kila mwaka Severini alimwambia neno lile lile, "Nipe viganja vyote viwili." Kwake huo ulikuwa utani. Abednego alicheka pamoja na wengine, kisha akaenda zake.

Basi mwaka tisini na sita, godauni likiwa limeshachukuliwa na kampuni ya watu binafsi, akaja afisa kazi kutoka Sumbawanga. Aliitwa Bi Restituta. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na alikataa soda aliyopewa na meneja. Meneja, Bwana Enoka, kijana wa tai, akajua hapo hapo kwamba mambo ni mazito. Akamwita Severini ofisini.

"Mzee Severini," akasema Bi Restituta, "wewe ndiye unayeajiri hapa?"

"Mimi nashika viganja tu, mama. Anayeajiri ni meneja."

Enoka akakohoa.

"Nimepita humo ndani nikisalimia," Bi Restituta akaendelea. "Karibu wote wamenijibu ni wa Ikola na vijiji vya jirani. Mpanda hii yote haina watu wengine?"

"Wapo, mama. Ila kila watu na kazi yao."

"Katiba haisemi hivyo. Inasema mtu asibaguliwe kwa kabila lake, wala pahala alipotokea, wala dini, wala hali yake ya maisha. Na mwanamke ni mtu, au siyo? Na ninyi mna watu zaidi ya hamsini. Tangu themanini na mbili kuna sheria kwamba mwajiri wa namna hiyo achukue na walemavu. Wako wapi?"

Severini akatazama dari. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba serikali ina habari na geti lake.

"Na wale wa Mishamo?" aliuliza Enoka kwa unyonge.

"Aliye na kibali cha kutoka na kufanya kazi, apimwe kama mwenzake. Sijawaambia mumchukue asiyeweza kazi. Nimewaambia mumpime kwa kazi. Nitarudi msimu haujaisha."

Alipoondoka, Enoka alilegeza tai. "Mzee, umesikia. Huyu mama akirudi akakuta mambo ni yale yale, unga wako umemwagika. Wangu nao utamwagika, lakini wako kwanza."

Hapo Severini akaogopa, na tuseme ukweli, aliogopa sana. Bila kazi ile yeye ni nani? Kurudi kubeba marobota kwa umri ule asingeweza. Kurudi Ikola kuanika dagaa angechekwa na watoto. Na Kiganja bila viganja vya watu vya kushika ni mzee mwenye fimbo tu. Alikaa siku hiyo nzima kwenye kibanda cha mizani akiwaza, mkono wake uliopakwa vaselini ukiwa juu ya goti.

Kibanda hicho kilikuwa cha mbao, mlango upande wa ndani ya uwanja, ukuta wake wa nyuma ukitazama nje getini. Kwenye ukuta huo palikuwa na tundu ambamo zamani ilipita kamba ya mizani ya kuning'iniza. Severini alilitazama tundu, tundu nalo kama likamtazama. Akainuka akaenda kuazima msumeno.

Kesho yake alimwonyesha Enoka. Tundu lilikuwa limepanuliwa likatosha mkono mmoja hadi kifundo. "Nitakaa humu ndani, mlango umefungwa," alieleza. "Mtu wa nje anaingiza mkono. Simwoni, hanioni. Hakuna salamu. Akitamka hata neno moja ameshindwa, maana nikimsikia nitamjua. Asivae pete, saa wala bangili. Nikigonga ubao mara mbili, mlinzi ampitishe. Nikigonga mara moja, arudi kwao. Sasa huyo mama aniambie hapo nabagua vipi."

Enoka akachungulia tunduni. "Mzee," alisema, "umenipiga chenga." Akamruhusu.

Jamani, siku ile ya kwanza watu walikuja kutazama kana kwamba kuna sarakasi. Mstari ulikwenda hadi relini. Ndani ya kibanda Severini alikaa kwenye sanduku, jasho likimtoka, na mikono ikaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni aliona raha isiyo na kifani. Hakuna maneno, hakuna wa kumsihi, hakuna wa kumletea habari za mgonjwa nyumbani. Aligonga mara moja, aligonga mara mbili. Ukaingia mkono mmoja mpana, mgumu ajabu, wenye kovu lililokatisha kidole gumba, kovu la kamba, na Severini akajisemea kimoyomoyo, huyu bwana ni jembe, wako wapi wanaume wa namna hii siku zote? Akagonga mara mbili kwa nguvu. Ukaja mwingine wa kulia wenye misuli hata kwenye vidole, utadhani umefanya kazi ya mikono miwili. Akagonga mara mbili tena.

Jua lilipokuwa kichwani alifungua mlango kwenda kuwatazama aliowapitisha. Mstari wa mbele kabisa alisimama Ng'washi, anavaa bangili zake. Pembeni yake Abednego, kipande chake cha mkono wa kushoto kikining'inia, anatabasamu. Nyuma yao wanaume kadhaa waliokuwa wakiongea Kiswahili cha Mishamo, mwenye kofia ya msikitini, na wanawake wengine Severini asiowajua kabisa.

"Ala!" alisema Severini. Akamgeukia mlinzi. "Nani kawapitisha hawa?"

"Wewe," alijibu mlinzi.

"Huyu mwenye mkono mmoja?"

"Tundu lilidai mmoja tu, mzee."

Enoka alikuwa mlangoni pa ofisi, amejishika tumbo kwa kicheko. Severini alitaka kuwarudisha, akafungua mdomo, akakumbuka unga wake, akaufunga. Akawagawia kazi.

Basi kazi ikaendelea, na sisemi kwamba wote walikuwa malaika. Kulikuwa na mmoja mwenye viganja vya chuma aliyegundulika kuwa ni mpiga ngoma wa harusini, na shughuli yake godauni ilikuwa kulala nyuma ya marobota. Wanawake wawili waliacha baada ya wiki moja, na wanaume pia waliacha, kama kila mwaka. Lakini Ng'washi alibeba. Alijitwisha robota mgongoni, akafunga kamba kifuani kwa namna ya kwao, akatembea bila kuyumba. Abednego alitwishwa na wenzake na akishatwishwa hakuna aliyemfikia kwa mwendo. Bi Restituta alirudi msimu ukielekea mwisho, akapita akisalimia, akajibiwa kwa lafudhi za kila aina, na safari hii akanywa soda. "Hilo tundu lenu," alisema, "sijaliona pengine popote." Severini akarefuka siku hiyo. Alirudi nyumbani akamwambia Marsela kwamba serikali imemsifu. "Imekupa nini?" aliuliza Marsela. "Sifa," alisema Severini, na wakala ugali wao.

Sasa laiti angeishia hapo. Lakini msimu uliofuata, kabla tundu halijafunguliwa, Marsela alimjia na neno. Mdogo wake Antoni alikuwa amekuja kutoka kijijini, ana watoto, hana kitu. "Shemeji yako huyo," alisema Marsela. "Umwangalie."

"Nitamwangaliaje, Mama Cecilia? Namwonea wapi? Mimi naona mkono tu."

Antoni alikuwepo, akacheka. "Basi shemeji, mimi nitakukwaruza." Na akamkwaruza kweli, kwa kidole kidogo katikati ya kiganja, mara mbili, kama watoto wa Ikola wanavyotekenyana wakisalimiana. Severini naye akacheka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Kesho yake ukaingia mkono tunduni, mkono wa kawaida, wala si mbaya wala si mzuri, na kidole kidogo kikamkwaruza. Severini akasita. Akajiambia kwamba mkono huo ungepita tu hata usingekwaruza. Akagonga mara mbili.

Antoni hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Jioni ile kilabuni alilisimulia lote, na asiyekuwapo akasimuliwa na aliyekuwapo. Siku iliyofuata mikono ya kukwaruza ilikuwa kadhaa. Iliyofuata ikawa mingi. Severini kila mara alijiambia maneno yale yale, kwamba mkono huu ungepita tu. Mingine ilikuwa migumu kweli. Mingine, tusifichane, ilikuwa ya kubeba sahani. Na kwa kuwa nafasi hazikuongezeka, waliogongewa mara moja wakawa wengine, na hao walikuwa na midomo, wakalalamika, na malalamiko yakapanda basi hadi Sumbawanga.

Asubuhi moja Marsela alimwambia, "Lucia mtoto wa dada anakuja leo. Ametoka shule, hajazoea kazi, lakini utamsaidia akazane. Umjue." Severini akapaka vaselini yake akaenda.

Mchana ukaingia mkono laini tunduni. Laini kabisa, wa mtu wa kalamu, hauna hata alama ya mwiko. Severini alikwisha kukunja kidole agonge mara moja. Halafu kidole kidogo kikamkwaruza mara mbili katikati ya kiganja. Lucia, aliwaza Severini. Maskini, mtoto wa watu. Akashusha pumzi, akagonga mara mbili.

Kisha akasikia sauti pole ya kike ikisema, upande wa pili wa ubao, "Asante, Mzee Severini. Nimepata kazi ya kubeba marobota."

Loo! Alipofungua mlango alimkuta Bi Restituta amejifunga khanga juu ya gauni, anaivaa saa yake na pete yake, hana hata haraka. Enoka alikuwa anakuja mbio kutoka ofisini.

"Bwana meneja," alisema Bi Restituta, "nipime huu mkono wangu ulioajiriwa." Enoka hakuupima.

Severini hakujitetea. Alisimama na mkono wake laini mgongoni, akiona aibu mbele ya watu wote wale, na aibu hiyo ilikuwa ya kweli. Enoka ndiye aliyemsemea. Alisema mzee ni mtu wa siku nyingi, tundu lilikuwa wazo lake, asifukuzwe kama mwizi. Bi Restituta alisikiliza mpaka mwisho.

"Simfukuzi," alisema. "Tundu ni zuri. Nalitaka libaki. Ila kesho watu wote wa godauni hili watoke nje, wapite upya, na humo ndani akae mtu mwingine. Meneja utamchagua wewe, usimwambie yeyote ni nani. Nami nitasimama hapo nje."

"Watu wote?" aliuliza Enoka. "Na mnyapara?"

"Mnyapara hajaajiriwa?"

Watu wakatazamana. Severini mwenyewe aliinua kichwa. "Nitapita," alisema. Na moyo wake ulitulia kidogo, maana alikuwa amehofia kufukuzwa, kumbe anatakiwa kupimwa, na kupimwa ndicho kitu pekee duniani ambacho Kiganja hakukiogopa. Gome la mninga! Alilala vizuri.

Kesho yake alisimama kwenye mstari kama mtu yeyote, fimbo amemwachia mlinzi. Wakamtania. "Leo daktari anachomwa sindano!" alipiga kelele mmoja. "Mzee, usisahau kutovaa bangili!" Severini alicheka nao. Mbele yake aliingiza mkono Abednego, pakagongwa mara mbili, akapita akipiga mluzi. Akaingiza Antoni, shemeji yake. Pakagongwa mara moja. Antoni akabaki anautazama ubao kana kwamba umemtukana, mpaka mlinzi akamsogeza.

Zamu ya Severini ikafika. Akakunja shati hadi kiwikoni, akaingiza mkono wa kulia.

Humo ndani mkono ukampokea. Ulikuwa mpana na mgumu ajabu, na kwenye kidole gumba aligusa kovu lililokatisha, kovu la kamba. Akamjua pale pale. Alikuwa amegonga ubao kwa nguvu kwa ajili ya mkono huo mwaka uliopita. Ng'washi akakigeuza kiganja chake. Akabonyeza chini ya vidole. Akabonyeza tena, akasogea kwenye gumba, akarudi, akitafuta taratibu kama anayetafuta sindano iliyoanguka mkekani. Severini akahisi kile alichokihisi Ng'washi. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na vaselini.

Kidole chake kidogo kikajikunja chenyewe. Akakinyosha. Mdomo wake ulitaka kusema ni mimi, neno dogo tu, lakini kusema kulikuwa ni kushindwa, na sheria hiyo aliitunga mwenyewe.

Ng'washi aliushika mkono ule kitambo, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Sidhani kama alikuwa anaupima tena. Kisha akaurudisha taratibu mpaka kwenye ukingo wa tundu, akagonga ubao mara moja.

Severini akasubiri mlio wa pili. Alisubiri akiwa ameinamisha kichwa, sikio karibu na ubao, na mstari wote nyuma yake uliacha kutaniana. Wa pili haukuja. Enoka alikuwa anatazama viatu vyake. Bi Restituta akafungua kinywa, akaonekana kutaka kusema kitu, akasema tu, "Anayefuata." Mlinzi akamrudishia Severini fimbo yake, akampisha njia.

Alimkuta Marsela uani, anatwanga mihogo. Marsela alimwona tu akajua, akaegemeza mchi ndani ya kinu.

"Wamekukataa."

"Wamenikataa."

"Nani kakukataa, Baba Cecilia? Miaka yote ile?"

Severini alijua, lakini hakumtaja. "Ukiwa nje humwoni aliye ndani," alijibu, akakaa kwenye gogo. Machozi yalimlenga, hakuyaficha.

Marsela akapangusa unga mikononi. Akauchukua mkono wa mumewe, akaugeuza, akabonyeza chini ya vidole, kama alivyomwona akiwafanyia wageni mezani kwa majivuno.

"Ni laini kweli," alisema mwishowe.

"Lete wako," alisema Severini.

"Wangu wa nini?"

"Lete."

Akampa. Severini alikuwa ameshika viganja vya nusu ya wilaya, na huu mkono alikuwa ameushika kanisani siku ya ndoa na siku nyingine nyingi, lakini hakuwahi kuupima. Akabonyeza. Sugu ilianza chini ya kidole cha shahada ikaenda bila kukatika hadi cha mwisho, ngumu na kavu, imepasuka katikati, na unga mweupe umejaa kwenye nyufa. Alikaa nao mkononi. Kisha, bila kuuachia, akaukunja mkono wake mwingine, akagonga ubavu wa kinu mara mbili.

"Basi acha mchezo," alisema Marsela, akampa mchi.